Vazi Lisilo na Shingo

Ilikuwako nchi moja. Kama huijui, mshukuru Mungu, na kama unaijua, nyamaza, maana mimi sikuitaja. Wenyewe waliiita Jamhuri ya Watukufu. Majirani nao waliiita hivyohivyo, kwa adabu kubwa, kwa sababu mto wa maji yao ya kunywa ulianzia huko na ungeweza kufungwa wakati wowote.

Bi Tunu Makwega hakuwa na hamu ya kwenda kwa watu hao. Alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya pili ya mto, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwembamba, mkali wa ulimi, na sare za shule alizoahidi kumaliza zilikuwa zimejaa mezani hadi zinamwagika. Lakini mama yake, Bibi Nambeho, alikuwa amelala kitandani mwezi wa pili, na daktari alikwisha kuanza kumwita Tunu pembeni.

Bibi Nambeho alizaliwa Utukufuni. Alivuka mto akiwa na miaka kumi na minne, mwaka wa fujo, akiwa amevaa gauni la kuazima.

"Mimi sijafunguliwa shingo, Tunu," alisema siku moja, sauti yake ikitoka kwa shida. "Nitafika mbele ya wazee wangu na gauni la watu?"

Tunu alilijua jambo hilo tangu utoto. Kwa watu wa mama yake kila mtu alifumiwa msungole wake, vazi la pamba lenye mistari ya buluu, limeshonwa kando na kuachiwa matundu ya mikono, lakini la kichwa halikuwapo. Liliachwa hivyo makusudi. Tundu la shingo lilikatwa siku ya kuvishwa, na aliyelikata alikuwa mama. Kama mama hayupo, basi binti. Mkono uliokufungua shingo ndio uliopata haki ya kukuita mwanangu mbele ya watu, hata kama ulikuwa mkono wa mtoto uliyemzaa mwenyewe.

"Niletee," mama akasema. "Ukiniletea, utanifungua wewe."

Basi Tunu akafunga cherehani, akamwachia jirani funguo na ratiba ya dawa, akapanda basi.

Mpakani alipewa fomu yenye maswali matatu. La kwanza: jina lako unalotumia kudanganyia ni lipi? La pili: umekuja kutudharau kwa muda gani? Hapo ulichagua siku saba, thelathini au tisini. La tatu: nani amekutuma? Tunu alichagua siku saba, na penye swali la tatu akaandika "mama yangu".

Karani wa mpaka, kijibwana chenye kola iliyokauka kwa wanga, aliisoma fomu mara mbili.

"Huyu mama yako yuko idara gani?"

"Yuko kitandani. Anaumwa."

"Idara ya kitandani," karani akaandika, polepole. "Umekuja kuchukua nini?"

"Kununua vazi la asili, baba. Moja tu."

Karani akaweka kalamu chini. Akawaita wenzake wawili waje kumtazama mtu aliyekuja kuiba utamaduni mchana kweupe na kukiri kwa kinywa chake. Wakampekua mkoba. Walipokuta futi yake ya kupimia nguo wakaishika kwa ncha za vidole, maana kulipima taifa la watu ni ujasusi, nayo ikabaki pale kama ushahidi. Mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi hawakuuona, kwa kuwa miaka yote ulining'inia kwa uzi ndani ya blauzi yake. Kisha wakamgongea muhuri mkubwa mwekundu: ADUI WA KAWAIDA. Waliokuja na misaada waligongewa ADUI MHESHIMIWA na kupewa soda.

Aliingia mji mkuu siku ya Alhamisi, na akadhani ameingia mahali penye msiba wa ajabu. Watu hawakuwa na vichwa.

Vichwa vilikuwamo, ila vilikuwa ndani. Kila raia alikuwa amejitumbukiza ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni wenye mistari ya buluu, mikono ikitokeza kando, na juu, pale ambapo binadamu huweka uso, palikuwa na kitambaa kitupu kilichovimba na kunywea kwa pumzi. Barabara zote zilifungwa kamba za kushika. Watu walikuwa wakigongana na kutukanana kwa sauti zilizozibwa, na walipomaliza kutukanana waliulizana habari za nyumbani. Mwuza karanga aliiuzia nguzo ya umeme mafungu mawili, akaitukana kwa kutolipa.

Tunu akapata nyumba ya wageni kwa kufuata harufu ya maandazi. Mwenye nyumba, Mama Nyamizi, mjane mnene mwenye macho yaliyochoka, alimvutia ndani, akafunga mlango na komeo, ndipo akajivua mfuko wake, jasho linamtiririka.

"Mama, hii nguo haina shingo!" Tunu akasema.

Mama Nyamizi akamziba mdomo kwa kiganja. "Neno hilo halisemwi hapa, dada. Sema pale kati. Sema kule juu. Unataka kuniponza?"

Akamhadithia kwa kunong'ona. Miaka tisa iliyopita Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, aliyekuwa akiitawala nchi na kuipenda kwa nguvu, aliamuru vazi la asili livaliwe na wote kila Alhamisi. Ikaundwa kamati ya wasomi kumi na wawili, wote wanaume, wote wana vitambi. Wakaenda kwa wafumaji, wakautazama msungole kupitia dirisha la gari, wakauchora. Hakuna aliyengoja siku ya kuvishwa, kwa sababu palikuwa na chakula cha mchana. Mchoro ukapelekwa kwa Mlezi, naye akautia saini, na tangu hapo kalamu ya kuongeza chochote haikupatikana. Kilichotiwa saini na Mlezi hakina kasoro. Wafumaji waliokwenda kusema kwamba kuna kitu kimesahaulika walichukuliwa ili wakaonyeshwe kwamba hakuna kilichosahaulika, na hadi leo walikuwa bado wanaonyeshwa.

"Na pamba je? Mbona hii ni nailoni?"

"Ya pamba ilikataliwa. Walisema haina ubora, kila moja ilikuwa tofauti na nyingine." Mama Nyamizi alijipepea. "Hii inaletwa kwa meli kutoka huko wanakotengeneza ndoo."

Tunu alikasirika. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka thelathini, na kuona kazi mbovu kulimuumiza. Lakini siku zilikuwa zinahesabika, na mama alikuwa anangoja.

Kesho yake akaenda dukani. Duka lilikuwa moja tu nchi nzima: Ghala Kuu la Urithi Unaovaliwa. Msimamizi wake, Mkurugenzi Ladisilausi Mkanganya, alimpokea akiwa amekaa, akamwacha amesimama, na kumhutubia kama vile umati umejaa nyuma yake.

"Sisi," akasema, "tulikuwa tunavaa na kubadilisha wakati nyinyi wa ng'ambo mnajifunika majani, tena majani yenyewe mliyaazima kwetu! Historia ni shahidi! Leo mmechoka na uchi wenu mmekuja kwetu. Karibu. Hatukutaki, lakini karibu."

"Ahsante, mheshimiwa. Naomba msungole mmoja wa mwanamke. Ni wa mama yangu, mzaliwa wa hapa."

"Mzaliwa wa hapa aliyeondoka si mzaliwa wa hapa. Ni mtu aliyepita."

"Basi wa mtu aliyepita. Upo?"

Mkurugenzi akamrushia mfuko wa nailoni juu ya meza. Tunu aliushika, akausugua kwa vidole, akaugeuza ndani nje kama anavyofanya kwa kila nguo. Mshono ulikuwa wa kulipua. Lakini nyumbani alikuwa na uzi mzuri, angeweza kuurekebisha. Kosa lake likaja pale alipozungumza kama fundi anavyozungumza na fundi.

"Utanifaa. Shingo nitaifungua mwenyewe nyumbani."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikunja misungole alijitupia mmoja kichwani ili asihesabiwe kuwa ameona. Mkurugenzi aliinuka, mashavu yakimcheza.

"Umesema nini?"

"Pale kati," Tunu akasema haraka. "Kule juu."

Alikuwa amechelewa. Kulitamka neno kulikuwa na adhabu yake, na kukusudia kulitoboa vazi kulikuwa na miaka kumi. Mkurugenzi aliyasoma hayo yote kwenye kitabu, kwa furaha, akinywa chai. Kisha akafunga kitabu, akamtazama kwa jicho jingine.

Jumamosi, akaeleza, ilikuwa Sikukuu ya Vazi, na sikukuu haikamiliki bila adui. Kila mwaka walimtafuta mgeni mmoja asimamishwe juu ya sanduku karibu na jukwaa, wananchi wamzomee kwa saa mbili. Adui wa mwaka jana alikuwa mtalii mwenye kamera, akalia mapema, akaharibu ratiba. Je, Bi Tunu alikuwa analia upesi?

"Silii," Tunu akasema. "Nipe msungole wa mama yangu, nitasimama."

"Ukishazomewa vizuri, utapewa."

Usiniulize kama aliona haya. Aliona, tena sana. Lakini alipomkumbuka mama yake na lile gauni la kuazima, haya ikapungua uzito.

Jumamosi uwanja ulifurika. Jua lilikuwa la utosi. Watu maelfu kwa maelfu walisimama ndani ya mifuko yao, safu kwa safu, na kwa kuwa hakuna aliyeona mbele, safu nyingi zilikuwa zimeelekea ukuta wa posta. Askari walikuwa ndani ya misungole. Bendi ilikuwa ndani ya misungole, ndiyo maana wimbo wa taifa ulipigwa mara tatu kwa wakati mmoja. Daktari wa Ikulu alikuwa ndani ya wake, ameshika kamba. Kati ya watu wote wale, mwenye uso alikuwa mmoja, yule adui aliyesimama juu ya sanduku, kwa sababu wageni hawakuruhusiwa kuvaa.

Hata Mlezi alivaa. Miaka yote tisa alikuwa akiitazama Alhamisi kutoka dirishani, lakini safari hii Mkurugenzi alimbembeleza na kumshonea msungole wa pekee, wenye bitana tatu, mahameri na nyuzi za dhahabu. Wakamtumbukiza ndani yake, wakamketisha kwenye kiti cha enzi, hatua mbili kutoka kwa Tunu.

"Mtazameni adui!" Mkurugenzi akanguruma ndani ya mfuko wake. "Mtazameni anavyotukodolea!"

Umati ukauzomea ukuta wa posta kwa hasira ya kweli. Tunu aliwatazama. Aliwachukia wote kwa dakika nzima, kuanzia karani wa mpakani hadi mwuza karanga, kisha akasikia kitu pembeni yake.

Mlezi alikuwa anapiga miguu.

Mahameri hayapitishi pumzi, na bitana tatu ni bitana tatu. Kitambaa cha juu kilinywea ndani, kikabana kwenye pua na mdomo, hakikutoka tena. Mikono yake ilikuwa inapapasa kule juu. Kisigino kilipiga jukwaa ta, ta, ta, na watu waliposikia mdundo huo walidhani Mlezi anacheza, wakashangilia na kupiga vigelegele.

"Mheshimiwa Mkurugenzi!" Tunu akaita. "Mtu wenu anakufa!"

"Adui anaropoka!" Mkurugenzi akajibu, na umati ukazomea zaidi.

Sitakuficha, msomaji: Tunu alifikiri kumwacha. Aliwafikiria wafumaji waliokuwa bado wanaonyeshwa. Aliufikiria pia msungole wa mama yake uliokuwa umekunjwa chini ya kiti cha Mkurugenzi, na ile miaka kumi ya kutoboa. Kusimama kimya tu kungempa alichokuja kutafuta. Kisha kutoka ndani ya dhahabu ile ikaja sauti nyembamba, ya mtu asiye na cheo.

"Mama..." ikasema. "Mama, nakufa."

"Laana ya Mungu!" akasema Tunu, akaruka kutoka kwenye sanduku, akatoa mkasi kifuani.

Mkasi wa kukatia nyuzi haukuumbwa kwa mahameri. Mlezi alikuwa anatapatapa huku na huku, na futi ya kupimia ilikuwa mpakani kama ushahidi, kwa hiyo alikata kwa kubahatisha.

"Tulia! Tulia wewe, nisije nikakukata sikio! Usinisukume!"

Kitambaa kikapasuka kraa, na kichwa cha Mlezi wa Taifa kikatokeza, chekundu, kimelowa, penye bega la kushoto. Akavuta pumzi kwa kelele. Akamtazama Tunu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akautazama uwanja kutoka chini, bila dirisha.

"Hivi..." akasema polepole, "hivi ndivyo wanavyokuwa kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi. Miaka tisa."

Mlezi alifumbua mdomo. Nakuapia, taifa lile lilipata nafasi yake, nayo ilidumu kiasi cha mtu kupiga chafya. Mwanamke mmoja kwenye safu ya mbele alikuwa ameanguka mtaroni na bado anapiga makofi. Mlezi alimwona. Lakini hapo Mkurugenzi akauliza kwa sauti ya unyenyekevu, akikiinamia kiti kisicho chenyewe, "Hotuba, Mheshimiwa?" Na Mlezi akakumbuka yeye ni nani.

"Nani amenitoboa?" akasema.

Kamati ya wasomi kumi na wawili ilikaa Jumapili nzima, maana shauri lilikuwa gumu kuliko ilivyodhaniwa. Kwa sheria, adui alistahili miaka kumi. Lakini kwa mila, ile mila yenyewe iliyokuwa sababu ya kamati kulipwa, mwanamke aliyefungua shingo ya mtu ni mama yake, na kumfunga mama yake Mlezi ni kulitusi taifa. Walikula, wakasinzia, wakala tena. Jumatatu asubuhi likasomwa tangazo redioni.

Lilisema kwamba Shingo ya Taifa imegunduliwa. Aliyeigundua ni Mheshimiwa Mlezi, kwa kutumia kichwa chake mwenyewe, bila msaada kutoka nje. Kuanzia sasa kila raia angetoa kichwa penye bega la kushoto, upana wa vidole sita, na kuinamisha uso upande huo kwa heshima. Ni marufuku kwa mama, binti au mtu yeyote wa nyumbani kumfungua mtu. Watu wote watafunguliwa na Ofisi ya Shingo ya Wilaya, kwa foleni.

Tunu alikwenda kwenye ghala kudai chake. Alimkuta Mkurugenzi kichwa kikiwa tayari begani, shingo imepinda, anaandika kwa shida.

"Msungole wangu," Tunu akasema. "Nilisimama. Nilizomewa."

"Nani alisimama? Shingo imegunduliwa bila msaada kutoka nje. Kwa hiyo wewe hukuwapo. Asiyekuwapo hapewi kitu." Akamtazama kwa upande, kwa kuwa hakuweza kumtazama vinginevyo. "Basi la mpakani linaondoka saa sita. Tunakuchukia. Safari njema."

Hapo ndipo Tunu alipolia. Alilia jikoni kwa Mama Nyamizi, kichwa mezani kati ya unga na maandazi, si kwa kuzomewa, ila kwa sababu angerudi mikono mitupu. Mama Nyamizi hakusema pole. Aliingia chumbani, akasikika akiburuta kitu, akarudi na mto wa kulalia. Akaupasua mshono, akatoa sufi, na foronya yake alipoikunjua ilikuwa msungole. Ulikuwa wa pamba, mzito, uliofumwa kwa mkono, buluu yake imefifia kidogo kwenye mikunjo. Tundu la kichwa halikuwapo, kama inavyotakiwa.

"Nilimfumia Kabula, binti yangu," akasema. "Alilitamka lile neno barabarani, siku ya Alhamisi. Mwaka wa tatu sasa."

"Siwezi kuuchukua, mama. Atarudi."

"Akirudi nitafuma mwingine, hata gizani nafuma. Kumbe wewe ulimfungua yule mtu, na ungeweza kumwacha." Alimfutikia ule msungole kwapani kwa nguvu, kama mtu anayegombana. "Kungoja nakujua mimi. Usimngojeshe mzee."

Mpakani karani alikuwa yuleyule, ila kichwa chake kilikuwa begani. Alimwaga mkoba mezani, akaunyanyua msungole kwa ncha ya kalamu, akaugeuza. Alikuwa kijana, tangu apate akili alikuwa ameona nailoni tu.

"Tambara gani hili?"

Tunu akajibu, "Foronya."

"Na huoni haya kutembea na takataka kama hii?" Akamtupia usoni. "Ondoka nayo. Urithi wetu hamkuupata, na hamtaupata!"

"Kweli, baba," akasema Tunu, akaukunja vizuri, akavuka mto.

Bibi Nambeho alikuwa hai bado, ingawa alikuwa amebaki mdogo sana kitandani. Tunu hakunawa hata miguu. Aliuweka msungole mikononi mwa mama yake, na yule mzee, ambaye macho hayakumsaidia tena, aliupapasa mstari kwa mstari mpaka akafika pale juu, akakuta pamefumbwa. Akatabasamu.

Tunu akachukua mkasi mkubwa wa kazini na futi mpya. Alipima mara tatu. Akakata duara taratibu, katikati hasa, na kukunja ukingo kwa mshono wa mkono uliokuwa mzuri kuliko wote aliowahi kushona.

"Huko kwetu," mama akauliza, akisikiliza mkasi, "bado wanavaa?"

"Wanavaa, mama. Wote."

"Na mama zao bado wanawafungua?"

Tunu alikata uzi kwa meno. Alitamani kudanganya, ila ulimi wake haukuzoea.

"Hapana. Siku hizi inawafungua serikali."

Bibi Nambeho akaupapasa ule ukingo uliokwisha kukunjwa.

"Basi wote wamekuwa yatima," akasema.

Kisha akainua mikono yake miwili juu, ikitetemeka, kama mtoto anayengoja kuvishwa.

"Haya," akasema Tunu, akimwinua mgongo. "Ingiza kichwa, mwanangu."